Stefano Kaoze: Padre wa Marungu Aliyekusanya Hekima ya Watu Wake

Kwetu Zongwe, katika eneo la Kalemie, hadithi haikuhitaji karatasi. Jioni, moto ukishawaka na vyombo vikishaoshwa, nkambo alianza na Kalulu, yule sungura mdogo anayewashinda wakubwa kwa akili. Tulizijua hadithi zote hadi mwisho, na bado tuliziomba. Miaka mingi baadaye, nikiwa mwanafunzi wa lugha, niliulizwa darasani ni Mkongomani gani wa mwanzo kabisa kuandika na kuchapishwa kwa Kifaransa. Nilikaa kimya. Jina nililolikosa lilikuwa la mtu wa upande wetu wa ziwa, aliyesikia hadithi kama zile nilizozisikia mimi.

Mtu huyo ni Stefano Kaoze. Wengi wanamjua kama padre wa kwanza wa Kongo ya leo, na ni haki kumkumbuka hivyo. Lakini upadri wake umefunika kazi yake nyingine, ambayo sisi watu wa kitivo cha lugha tunapaswa kuiona kwanza. Kaoze alikuwa mkusanyaji. Aliokota mawazo, mila, semi na historia za watu wake, akaviweka katika lugha ya wageni, wakati ambapo wageni wengi hawakuamini kwamba kulikuwa na kitu cha kuokota. Makala haya yanasimulia maisha yake kwa kufuata njia hiyo.

Nchi na zama

Kaoze alizaliwa yapata mwaka 1886 huko Marungu, nyanda za juu zilizo kusini-magharibi mwa Ziwa Tanganyika, katika nchi ya Watabwa. Siku hizo hakuna aliyeandika tarehe ya kuzaliwa ya mtoto wa kijijini, na ndiyo maana vitabu hutofautiana kuhusu mwaka wake.

Zama zenyewe zilikuwa za mashaka. Kwa muda mrefu misafara ya pembe za ndovu na watumwa ilikuwa ikivuka ziwa kutoka Ujiji na nchi za mashariki. Bunduki ziliingia, na pamoja nazo wakainuka machifu wa kuogopwa. Mmoja wao aliitwa Lusinga. Mwaka 1883 ofisa wa Kibelgiji, Émile Storms, aliyetumwa na shirika la Mfalme Leopold II, alifika Mpala na kujenga ngome kando ya ziwa. Marungu haikuwa na nafasi ya wakubwa wawili. Desemba 1884 watu wa Storms walimshambulia Lusinga, wakamwua na kumkata kichwa. Storms aliporudi kwao alibeba mafuvu ya machifu watatu, la Lusinga likiwemo, pamoja na sanamu za mababu zilizotekwa vitani.

Namtaja Storms kwa sababu yeye pia alikuwa mkusanyaji. Alichokikusanya kilikuwa mifupa na miti iliyochongwa, vitu visivyoweza kujieleza wala kumjibu. Kaoze alizaliwa katika nchi iliyokwisha kukusanywa kwa namna hiyo.

Mwaka 1885 ngome ya Mpala ilikabidhiwa kwa Wamisionari wa Afrika, wanaojulikana zaidi kama Mapadre Weupe, shirika lililoanzishwa mjini Algiers mwaka 1868 na Charles Lavigerie, ambaye baadaye alikuwa kardinali. Mwaka 1887 alifika Kapteni Léopold Joubert, Mfaransa aliyekuwa zamani askari wa Papa, akaongoza ulinzi wa vijiji vya misheni dhidi ya wateka watumwa. Alibaki katika nchi hii hadi kufa kwake mwaka 1927. Mwaka 1892 alifika padre Mbelgiji, Victor Roelens. Mwaka uliofuata misheni ya Baudouinville ilianzishwa, mahali ambapo leo ni Moba, na mwaka 1896 Roelens akawa askofu. Kwa mtoto wa Marungu wa miaka ile, mamlaka yalikuwa na sura ya ajabu: ukuta ule ule uliojengwa kwa ajili ya bunduki sasa ulizunguka kanisa na darasa.

Mvulana wa lugha nne

Kaoze aliingia shule ya Mpala akiwa kijana mdogo, mwishoni mwa karne ya 19. Miongoni mwa walimu wake alikuwa Padre Auguste Huys, ambaye baadaye naye alifanywa askofu. Lengo la kwanza la shule lilikuwa kufunza makatekista. Hata hivyo mapadre waliona kwamba baadhi ya vijana wangeweza kwenda mbali zaidi, nao wakaanza kuwafundisha masomo ya seminari. Baadaye seminari ilihamia Lusaka. Hii si Lusaka ya Zambia, bali ile iliyopo huku huku, katika nyanda za Marungu. Ilikuwa miaka ya malale, ugonjwa ulioua watu wengi kando ya ziwa na kuufanya utawala kuvihamisha vijiji vizima kutoka pwani.

Tufikirie kidogo lugha za mvulana huyu. Nyumbani ni Kitabwa, lugha iliyo jirani sana na Kibemba. Katika misheni ni Kiswahili, lugha iliyofika na misafara na ambayo Mapadre Weupe waliichukua kwa mafundisho na maisha ya kila siku, kwa kuwa waumini wao walitoka makabila mengi. Darasani na altareni ni Kilatini. Juu ya zote kinakuja Kifaransa, lugha ya walimu na vitabu, na kuanzia mwaka 1908 lugha ya serikali, Kongo ilipotoka mikononi mwa Leopold na kuwa koloni la Ubelgiji. Kijana wa leo wa Kalemie anayebadilisha lugha mara tatu kati ya soko na chuo atamwelewa Kaoze vizuri. Tofauti ni kwamba yeye hakuwa na mtangulizi wa kumwonyesha njia. Hakuwa na kitabu hata kimoja cha Kifaransa kilichoandikwa na mtu wa kwao.

Kulikuwa na vitabu vilivyoandikwa juu ya watu wa kwao. Lavigerie alikuwa amewaagiza wamisionari wake wajifunze lugha za wenyeji na kuziandika, na agizo hilo lilizaa matunda. Mwaka 1907 Padre Auguste Van Acker alichapisha kamusi ya Kitabwa na Kifaransa, kazi ambayo mpaka leo mtu anayechunguza lugha hiyo hawezi kuipita bila salamu. Huu ulikuwa ukusanyaji wa pili wa Marungu, nao ulikuwa bora kuliko ule wa Storms, maana safari hii waliokusanywa walikuwa wanasema. Lakini kamusi humpa mtu neno mojamoja. Neno la Kitabwa linakaa kushoto, la Kifaransa kulia, na mwenye lugha hana nafasi ya kueleza anachofikiri.

Vijitabu vya rangi ya samawati

Kabla ya kufika mwaka 1910, itabidi tuvuke bahari kidogo, kwa sababu tatizo la Kaoze lilikuwa na ndugu yake Ufaransa.

Mwanzoni mwa karne ya 17, katika mji wa Troyes, mpiga chapa Nicolas Oudot alianza kuchapa vijitabu vya bei ndogo kwa ajili ya watu wa kawaida. Karatasi ilikuwa duni na herufi zilikuwa zimechakaa. Jalada mara nyingi lilikuwa la karatasi ya samawati kama ile iliyofungiwa sukari, na ndiyo maana mkusanyo wote ukaja kuitwa maktaba ya samawati. Ndani yake mlikuwa na hadithi za mashujaa wa kale kama wana wanne wa Aymon, visa vya mapenzi kama cha Pierre wa Provence na Maguelonne, kalenda, maisha ya watakatifu, na baadaye ngano za Charles Perrault. Wachuuzi walivibeba katika makasha shingoni na kuvipeleka kijiji kwa kijiji kwa zaidi ya miaka 200. Aliyejua kusoma aliwasomea wengine.

Wasomi hawakuvithamini. Vilisomwa hadi vikaraurika, kisha karatasi ikatumika kufungia vitu vya dukani. Mwaka 1852 serikali ya Ufaransa ilivigeukia, lakini kwa nia nyingine: iliunda tume ya kuvichunguza ili ivipige marufuku vile ilivyoviona vya hatari. Katibu wa tume hiyo, Charles Nisard, alijikuta na rundo kubwa la vijitabu mbele yake. Mwaka 1854 alitoa historia yao katika mabuku mawili. Kwa hiyo mmoja wa watu wa mwanzo kuyaandikia kwa urefu masimulizi hayo alikuwa mtu aliyepewa kazi ya kuyachuja. Wapenzi wa vitabu walikuja baadaye, wakavitafuta na kuvilipia fedha nyingi.

Marungu mambo yalikwenda karibu vivyo hivyo. Wamisionari walikuja kubadili mila, na ili wazibadili iliwabidi kwanza waziandike. Kalamu iliyoletwa kuchuja ikawa kalamu ya kuhifadhi. Kaoze alisimama katikati kabisa ya mkanganyiko huo: alifunzwa na wenye kuchuja, lakini alichokuwa nacho kichwani kilikuwa maktaba ya nkambo.

Mwaka 1910

Akiwa bado mseminari, mwenye umri wa miaka ipatayo 24, Kaoze aliandika kwa Kifaransa maelezo juu ya saikolojia ya Wabantu. Maandishi yake yalimfikia Arthur Vermeersch, padre Mjesuiti wa Ubelgiji, mwanasheria na mwanatheolojia. Vermeersch hakuwa mtu wa kunyamaza: mwaka 1906 alitoa kitabu kilichoshutumu maovu ya Kongo ya Leopold. Alipeleka maandishi ya Kaoze, pamoja na baadhi ya barua zake, katika jarida la La Revue congolaise, ambako yalianza kutoka mwaka 1910. Ndiyo maandishi yanayotambuliwa kuwa ya kwanza ya Mkongomani kuchapishwa kwa Kifaransa.

Mwaka huo una maana ya pekee. Mwaka huo huo wa 1910 huko Paris mwanafalsafa Lucien Lévy-Bruhl alichapisha kitabu chake juu ya kazi za akili katika jamii alizoziita za chini. Lévy-Bruhl hakuwa ameishi na watu aliowaandika. Alikusanya habari za wasafiri na wamisionari, akazipanga, akatoa hoja kwamba watu hao hufikiri kwa namna isiyofuata mantiki kama ya Wazungu. Kitabu chake kilisomwa kote Ulaya na kujadiliwa kwa miaka mingi. Makala ya mseminari wa Marungu ilisomwa na wachache.

Weka maandishi hayo mawili kando kwa kando. La kwanza linauliza kutoka mbali jinsi watu wa mbali wanavyofikiri. La pili limeandikwa na mmoja wa watu hao, akieleza jinsi wanavyofikiri. Kaoze hakuandika ili kumjibu profesa wa Paris, wala hakuhitaji kumjua ili hoja yake isimame. Alichukua mpango aliofundishwa katika masomo ya falsafa, unaogawa nafsi ya binadamu katika akili, utashi na hisia, akaujaza watu wa kwao. Alionyesha kwamba wanakumbuka, wanalinganisha, wanatafuta sababu, wanachagua, wanaogopa na kupenda, na kwamba wanamjua Mungu, Leza, kabla mmisionari hajafika. Ushahidi wake ni maisha yenyewe: namna watu wanavyosema, wanavyofundisha watoto, wanavyoamua mashauri.

Huu ndio ukusanyaji wa tatu, nao una tofauti kubwa na ile miwili iliyotangulia. Storms alichukua kichwa cha Lusinga kama kitu cha kuonyesha. Van Acker alichukua maneno yaliyotoka vichwani. Kaoze alitaka kuonyesha kwamba ndani ya vichwa hivyo mna fikra zenye mpango, na kwamba mwenye kichwa anaweza kuzieleza mwenyewe, tena kwa lugha ya msomaji.

Bei ya kuchapishwa

Tusimpambe kupita kiasi. Makala ya 1910 ni kazi ya kijana aliyekuwa chini ya mikono ya walimu wake. Mpango wake ni wa kitabu cha seminari, na mara nyingine watu wa Marungu wanalazimika kujikunja ili waenee ndani yake. Anayezungumza ni Mkristo mpya, na baadhi ya mila za wazee wake anazitazama kwa jicho la misheni. Aliyeamua kwamba maandishi haya yafae kuchapishwa, na yafike Ulaya katika sura gani, hakuwa Kaoze peke yake. Kila mwandishi wa mwanzo katika makoloni alilipa bei ya namna hii.

Kuna pia bei ya lugha. Semi au hadithi ikitoka Kitabwa kwenda Kifaransa, hufika bila sauti yake. Wimbo wa katikati unapotea, na itikio la wasikilizaji linapotea pamoja nao. Majina ya waliosimulia hayakuingia katika historia ya fasihi. Jina lililobaki ni la mwandishi. Wachapaji wa Troyes walifanya hivyo hivyo: hatujui ni mama gani alisimulia kwanza kisa kilichofika sokoni chini ya jalada la samawati. Mwanafunzi anayemsoma Kaoze leo anapaswa kuushika uzuri wa kazi hiyo kwa mkono mmoja na upungufu wake kwa mkono wa pili, bila kuutupa wowote.

Padre wakati wa vita

Safari ya masomo ilikuwa ndefu. Wakati Kaoze alipokuwa akiimaliza, vita vya Ulaya vilikuwa vimefika ziwani. Albertville, yaani Kalemie ya leo, ikawa kituo cha kijeshi. Mwishoni mwa 1915 Waingereza walishusha huko mashua mbili za vita walizozikokota kutoka kusini kupitia Katanga. Katikati ya 1916 Wajerumani waliizamisha wenyewe meli yao kubwa, Graf von Götzen, karibu na Kigoma, ili isitekwe. Vijana wa pande zote za ziwa walichukuliwa kubeba mizigo ya majeshi.

Katika hali hiyo, tarehe 21 Julai 1917, huko Baudouinville, Askofu Roelens alimpa Stefano Kaoze daraja la upadri. Tarehe 21 Julai ni sikukuu ya taifa la Ubelgiji, na si vigumu kuona kwa nini siku hiyo ilipendeza wakubwa. Kwa watu wa Marungu maana ilikuwa nyingine. Kwa mara ya kwanza mmoja wao alisimama altareni, na wazungu wakapiga magoti mbele yake kama watu wengine.

Tukimwita padre wa kwanza wa Kongo, tuweke mpaka. Ufalme wa Kongo, upande wa Atlantiki, ulikuwa na mapadre wake karne nyingi kabla. Dom Henrique, mwana wa Mfalme Afonso I, alifanywa askofu mwaka 1518. Kaoze ni wa kwanza katika Kanisa lililojengwa upya tangu karne ya 19. Kusema hivyo hakumpunguzii kitu. Kunatukumbusha tu kwamba hata kumbukumbu kubwa kama ile ya Henrique inaweza kukatika, watu wakadhani wanaanza upya.

Mwaka 1920 Kaoze alisafiri hadi Ulaya na viongozi wa misheni yake, akafika Ubelgiji na Roma. Kwa siku zile, Mkongomani mwenye elimu ya Kilatini na falsafa alikuwa ajabu mbele ya Wabelgiji, na padre wa namna hiyo alikuwa ajabu zaidi. Huko huko Ubelgiji yalikuwepo bado mafuvu na sanamu kutoka Marungu. Storms alikuwa amekufa mwaka 1918, na vitu alivyovichukua vilibaki mikononi mwa familia yake hadi vilipotolewa kwa jumba la makumbusho katika miaka ya 1930. Katika nchi moja, kwa wakati mmoja, palikuwa na kichwa cha Lusinga ndani ya nyumba na mwana wa Marungu akitembea barabarani na kuzungumza.

Kazi ya kimya

Baada ya kurudi, maisha yake yalikuwa ya padre wa mashambani na mwalimu: misa, maungamo, darasa, safari za miguu milimani. Alifundisha seminarini na kuhudumu katika misheni, na mapadre wengine Waafrika wakamfuata. Wakati huo wote hakuiacha kalamu. Aliandika juu ya historia ya watu wa Marungu, koo zao na mila zao. Maandishi hayo hayakupata kitabu wakati wa uhai wake. Yalibaki karatasi zilizopigwa taipu na kuhifadhiwa, na watafiti waliokuja baadaye waliyatumia.

Historia ya ukoo si jambo baridi. Chini ya utawala wa Kibelgiji, madai ya uchifu yalitegemea sana nani alifika kwanza, nani ni mjomba wa nani, nani alimpa nani ardhi. Zamani mambo haya yalisemwa na wazee mbele ya wazee, na mwenye kubisha alibisha hapo hapo. Yakishaandikwa na padre msomi, yanapata uzito mwingine mbele ya ofisa wa serikali. Kaoze mwenyewe alikuwa mwana wa ukoo. Msomaji wa maandishi hayo afanye kama afanyavyo mbele ya msimulizi yeyote: asikilize vizuri, kisha aulize mzee wa ukoo wa pili.

Katika miaka ya 1940 serikali ilimwita. Aliteuliwa katika tume ya kuwalinda wenyeji na katika baraza la serikali ya koloni, akiwa miongoni mwa Wakongomani wa mwanzo kabisa kukaa katika vyombo hivyo. Nafasi ilikuwa finyu: vyombo vyenyewe vilikuwa vya kushauri, na wazungu walikuwa wengi. Hata hivyo mtu aliyeandika akiwa kijana kwamba watu wake wana akili na utashi sasa alikuwa ameketi pale walipokuwa wakizungumziwa. Alifariki mwaka 1951, miaka 9 kabla ya uhuru.

Alivyosahauliwa na alivyokusanywa

Miaka 6 kabla ya kifo chake, mwaka 1945, Mfransisko Placide Tempels alichapisha mjini Élisabethville, Lubumbashi ya leo, kitabu chake juu ya falsafa ya Kibantu. Kitabu hicho kilivuma Paris na Dakar, kilisifiwa na kupingwa, na hadi sasa ndicho kinachofungua mijadala mingi ya falsafa ya Afrika. Mwaka 1956 Padre Alexis Kagame wa Rwanda aliendeleza na kusahihisha mjadala huo kutoka ndani ya lugha yake mwenyewe. Makala ya Kaoze ilikuwa imetangulia kitabu cha Tempels kwa miaka 35, na iliandikwa katika nyanda za kona ile ile ya nchi. Bado orodha nyingi huanza na Tempels.

Sababu moja ni mahali maandishi yalipokaa. Makala iliyotoka katika jarida la kikoloni haiishi kama kitabu. Haichapwi tena, haiuzwi sokoni, na jarida likifa inabaki katika rafu za maktaba chache za ng'ambo. Ilichukua hali ya vile vijitabu vya Troyes: ipo, lakini ipo kwa anayejua kuitafuta. V. Y. Mudimbe, aliyefundisha Lubumbashi kabla ya kwenda Marekani, ni mmoja wa waliomrudisha Kaoze mezani, akimchunguza kwa makini kama zao la Mpala na kama mwanzo wa maandishi ya Kongo. Mwaka 2018 maandishi yake yaliyokusanywa yalitolewa Brussels katika buku moja. Mkusanyaji naye amekusanywa, miaka 67 baada ya kufa, katika mji ule ule mafuvu ya Marungu yalikopelekwa.

Kwetu sisi wa kitivo, jambo hili si la kusherehekea tu. Kaoze alilazimika kuandika kwa Kifaransa ili asikilizwe. Sisi tuna Kiswahili kinachosomwa kutoka Lubumbashi hadi Bujumbura na Dar es Salaam, tuna Kitabwa ambacho bado kinasemwa, na tuna simu inayorekodi mfukoni. Tunaweza kufanya mambo ambayo yeye hakuweza: kuandika hadithi katika lugha iliyosimuliwa, pamoja na wimbo wake na itikio lake, kuweka jina la msimulizi mbele ya jina la mwandikaji, na kuacha nakala kijijini kabla ya kupeleka nyingine chuoni. Kazi ya mwisho wa mwaka juu ya hadithi kumi za kijiji kimoja, zilizoandikwa vizuri na kutafsiriwa kwa uaminifu, ingekuwa na msaada kuliko kurasa mia za nadharia zilizonakiliwa.

Likizo iliyopita nilirudi Zongwe nikiwa na daftari. Nkambo aliyetusimulia habari za Kalulu hayupo tena. Dada yake yupo. Nilipomwambia ninataka kuandika hadithi zake, aliniuliza kwanza nitaziweka wapi, na kama watoto wa hapo wataweza kuzisoma. Sikuwa na jibu zuri. Nikamwomba aanze tu, nami nikaandika jina lake juu ya ukurasa wa kwanza.